Kupima kreni kuukuu ya kiwanda cha sukari kabla ya kuitumia kukibomoa

Kiwanda cha sukari kikishauzwa kama vyuma chakavu, hesabu ya kwanza ya mkandarasi huwa ni hii: kreni ya yadi ya miwa bado imekaa juu ya reli zake, basi ishushe mitambo, na pesa za kukodi kreni ya magurudumu zibaki mfukoni. Ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya una mitambo ya umri mkubwa. Miwani kilianza 1922, Muhoroni 1966, Mumias 1973. Popote kiwanda cha umri huo kinapovunjwa, swali la kreni hujitokeza.

Mara nyingine kreni hiyo inafaa, lakini isiguswe kabla ya kupimwa, kwa sababu mbili. Kwanza, kreni iliyolala miaka bila kazi ni ya kuogopwa kuliko iliyofanya kazi jana. Inayofanya kazi hupakwa grisi na kasoro zake huonekana, ilhali iliyolala huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Pili, kazi ya kubomoa ni tofauti na ile iliyoundiwa. Bando la miwa lilikuwa na uzito unaokaribiana na wa jana, lakini kipande cha mtambo uliokatwa kwa gesi hakina karatasi ya uzito, na huenda bado kimeshikwa na bolti moja usiyoiona.

Mwongozo huu ni wa kreni ya juu inayotembea kwenye reli mbili, ya stima, yenye waya ya chuma. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, cheti cha kreni hutolewa na mkaguzi aliyeidhinishwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Vipimo vilivyo hapa ni vya kumwandalia kazi, na vya kukusaidia kuamua mapema kama kreni inastahili gharama ya kumwita. Tafuta pia kitabu cha kreni na cheti chake cha mwisho. Bila hivyo, uzito ulioandikwa kwa rangi kwenye boriti si ushahidi wa chochote.

Kabla ya mtu kupanda

Zima stima kwenye swichi kuu, funga kwa kufuli, na ufunguo ukae na mtu mmoja. Usiamini kwamba laini ilikatwa zamani. Pima kwa testa kila waya, hata zile zinazoning'inia.

Kagua nyuki kwa darubini kutoka chini. Boriti za sanduku zenye matundu na vibanda vya dereva vilivyoachwa ni makao yao wanayoyapenda, na mtu aliye juu mita 10 hana pa kukimbilia. Mwite mfugaji nyuki awahamishe jioni, nawe uanze kesho yake asubuhi. Rangi ya zamani ichukuliwe kuwa ina risasi. Usiisage kwa grinda wala kuichoma. Mahali pa kupima pakwanguliwe kukiwa kumeloweshwa, na mfanyakazi avae barakoa ya chujio, si kitambaa.

Kisha nguzo. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, una udongo mweusi unaonata, unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kiwanda kikitunzwa, mitaro huondoa maji. Kikiachwa, mitaro huziba, maji husimama kwenye misingi, na nguzo huanza kuinama moja moja. Teremsha timazi kutoka juu ya kila nguzo, pande mbili. Kwa nguzo ya mita 10, ikiwa imeacha wima kwa zaidi ya mm 20, simama na umwite mhandisi wa miundo. Pima pia upana kati ya reli mbili kwenye kila nguzo. Tofauti ya zaidi ya mm 10 kati ya nguzo na nguzo itafanya magurudumu yapande reli. Pima vyote asubuhi moja, jua halijachoma: boriti ya mita 20 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka karibu mm 2.4, na vipimo vya alfajiri na vya saa nane mchana haviwezi kulinganishwa.

Chini ya nguzo fukua makapi ya miwa na matope hadi uone bamba la msingi lote. Hapo ndipo kutu hula zaidi, kwa kuwa makapi hushika unyevu na maji ya miwa yaliyochacha ni asidi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Mahali penye shaka patumiwe kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti. Chuma kilichopoteza zaidi ya asilimia 10 ya unene wake kinahitaji hesabu mpya ya mhandisi kabla ya kubeba chochote.

Waya

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Waya ya kreni kwa kawaida imesukwa kwa misokoto 6 kuzunguka kiini, na kila msokoto una nyuzi nyingi nyembamba. Kiini kinaweza kuwa cha chuma au cha katani, na cha katani hukauka na kulika waya ikilala.

Anza kwa kupima unene. Tumia kalipa yenye midomo mipana, ishike waya kwenye migongo ya misokoto miwili inayokabiliana, si kwenye mabonde. Pima kila mita 3, na kila mahali mara mbili, mara ya pili ukiigeuza kalipa robo duara. Waya ya mm 16 ikisoma mm 15.2 imepoteza asilimia 5, na hiyo haifai tena. Ikisoma tofauti pande mbili za mahali pamoja, imebanwa au kiini kimevunjika.

Halafu hesabu nyuzi zilizokatika. Hesabu hufanywa ndani ya urefu wa msokoto mmoja, yaani umbali ambao msokoto mmoja huchukua kuizunguka waya mara moja. Kuupata ni rahisi: lalisha karatasi juu ya waya, sugua kwa penseli ya ubapa, misokoto itajichora kama vijistari vya mshazari, kisha pima kutoka kistari cha kwanza hadi cha saba. Kwa waya ya mm 16 utapata karibu sentimita 10. Ndani ya urefu huo, nyuzi 12 zilizokatika kotekote, au 4 katika msokoto mmoja, ndiyo mwisho wa waya kwenye kreni ya juu. Kwa kazi ya kubomoa tunapendekeza nusu ya hesabu hiyo, 6 na 2. Ukiona hata uzi mmoja uliokatikia bondeni, pale misokoto miwili inapogusana, ikatae waya yote, kwa sababu kwa kila uzi unaouona hapo kuna mingine ndani usiyoiona.

Usipitishe mkono kwenye waya, hata ukiwa na glavu. Pitisha kitambaa cha pamba polepole. Nyuzi zilizokatika zitakinasa. Ikunje waya kidogo mahali penye shaka ili ncha zijitokeze.

Sehemu nne zinasahaulika. Ya kwanza ni ncha inapofungiwa. Ya pili ni pale waya inapopanda tabaka jingine kwenye ngoma. Ya tatu ni vipande vilivyolala juu ya puli miaka yote kreni ilipokuwa imesimama, upande mmoja ukinyeshewa. Ya nne, iliyo mbaya kuliko zote, ni puli ya kusawazisha, ile iliyo juu ambayo karibu haizunguki. Kwa kuwa haizunguki hakuna anayeitazama. Maji hukaa kwenye mfereji wake, na waya huoza kwa chini huku juu ikiwa safi. Legeza waya uitoe mahali hapo kabisa ndipo uikague.

Kutu ya ndani hutafutwa hivi: waya ikiwa imelegea kabisa bila mzigo, ibane kwa vibano viwili vilivyo sentimita 15 mbali, izungushe kinyume cha msuko hadi misokoto ifunguke kidogo, umulike ndani kwa kurunzi. Vumbi jekundu likidondoka, au nyuzi za ndani zikiwa na vishimo, waya imekufa. Ushauri wetu kwa waya yoyote iliyokaa nje zaidi ya miaka miwili bila grisi ni kununua mpya bila kubishana. Waya mpya ya mm 16 ya aina ya 6x36 hukatika kwa karibu tani 15. Ukigawanya kwa 5 kama akiba ya usalama, kila mkondo, yaani kila kipande cha waya kinachobeba kulabu, unabeba tani 3. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na rola moja ya kusagia miwa iliyodondoka.

Ukifunga ncha mpya kwa vibano vya U, waya ya mm 16 inataka vibano 3 na mkia wa sentimita 30 hivi. Tandiko la kibano likae upande wa waya inayobeba mzigo, na bolti ya U ikae upande wa mkia mfupi. Ukigeuza kimoja tu, U itaiponda waya inayobeba. Kaza kwa spana ya kipimo hadi karibu Nm 130, nyanyua mzigo wa kwanza mdogo, ushushe, kisha kaza tena: waya ikivutwa huwa nyembamba na vibano hulegea.

Kulabu, puli na ngoma

Kulabu ikipanuka mdomo kwa zaidi ya asilimia 5 ya kipimo cha kiwandani, ikijipinda, au ikilika kwa asilimia 10 pale mzigo unapokaa, inatupwa. Usiipashe moto kuinyoosha wala kuijaza kwa kuchomelea. Wengi huishia hapo, na hawafungui nati iliyo juu ya shina la kulabu, ndani ya bloku, yaani kizimba cha puli kinachoshika kulabu. Ifungue. Maji hujikusanya hapo, meno ya nati hulika, na kulabu yenye sura nzuri hung'oka pamoja na mzigo.

Shina na mkunjo wa kulabu vipimwe nyufa kwa rangi ya kupenya. Safisha hadi chuma kiwe kikavu, puliza rangi nyekundu, ngoja dakika 20, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa kisafishio, puliza unga mweupe, na utazame tena baada ya dakika 10. Mstari mwekundu ulionyooka ni ufa. Kosa la kawaida ni kupuliza kisafishio moja kwa moja kwenye chuma: huondoa rangi iliyoingia ndani ya ufa, na kulabu mbovu inafaulu.

Puli zote zizunguke kwa mkono bila kukwaruza. Mfereji ukiwa na alama za msuko wa waya ya zamani, utaitafuna waya mpya ndani ya siku chache. Badilisha puli au uichonge upya.

Kwenye ngoma, kulabu ikiwa chini kabisa lazima ibaki mizunguko isiyopungua 2 kamili, kwa kuwa ni msuguano wa mizunguko hiyo unaoshika mzigo, si kile kibano cha mwisho. Wakati kiwanda kikifanya kazi, kulabu haikuwahi kushuka chini ya sakafu. Wakati wa kubomoa, kuna atakayetaka kuishusha hadi shimo la chini ya mashine, mita 4 zaidi, na waya itaisha kwenye ngoma mzigo ukiwa hewani. Pima kina cha mashimo yote mapema, weka swichi ya kikomo cha chini, na upake rangi nyekundu mzunguko wa tatu kutoka mwisho.

Breki na mota

Breki iliyolala miaka hugandana na duara lake kwa kutu. Ukiwasha mota tu, bitana, yaani gome la msuguano kwenye kiatu cha breki, hubaki imenata upande mmoja na kiatu cha chuma hubaki kikishika chuma. Fungua viatu kwa mkono, ondoa kutu kwenye duara kwa msasa, na ukague bitana. Ikifika vichwa vya ribiti, au ikiwa imelowa oili kutoka kwenye giaboksi, weka mpya. Kuiosha hakusaidii, kwa sababu oili iliyokwisha kuingia hutoka tena bitana ikipata joto, yaani wakati ule ule breki inapohitajika.

Mota ipimwe kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kati ya koili na bodi. Chini ya megaomu 1, usiiwashe. Iweke ndani ya turubai pamoja na balbu chache za wati 100 kwa siku mbili au tatu, upime tena.

Stima ya kiwanda kilichofungwa huwa imekatwa, kwa hiyo utatumia jenereta, na hapo pana mitego miwili. Volti ikishuka chini ya zile 415 wakati mota inapoanza, breki haifunguki kikamilifu. Mota inaburuta breki, bitana inaungua, na jioni haishiki tena. Wa pili ni mpangilio wa fezi, zile nyaya tatu za stima. Ukigeuka, kitufe cha kupandisha kinashusha na cha kushusha kinapandisha. Fundi asiye makini huzoea tu kubonyeza kinyume. Lakini swichi ya kikomo cha juu hukata kitufe cha kupandisha peke yake, kwa hiyo kulabu ikipanda kwa kitufe cha kushusha hakuna kitakachoizuia kugonga ngoma na kukata waya. Kila jenereta inapounganishwa, hata ikiwa ni ile ile ya jana, weka kulabu katikati ya kimo chake, gusa kitufe mara moja, uone inaenda wapi. Kisha pandisha bila mzigo, polepole, hadi swichi ya juu ikate yenyewe.

Jaribio la mzigo

Kreni iliyoandikwa tani 10 usiijaribu kwa uzito huo. Ipe uzito mpya wa kazi, tuseme tani 5, kulingana na kilichoonekana kwenye ukaguzi. Jaribio la kusimama ni asilimia 125 ya huo, yaani kilo 6,250, na la kutembea ni asilimia 110, yaani kilo 5,500.

Mzigo mzuri ni matangi ya plastiki ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma, 6, juu ya jukwaa la chuma, kwa kuwa maji hukuruhusu kuongeza uzito bila mshtuko na kuupunguza bila kugusa kreni. Tangi tupu ni karibu kilo 60. Jukwaa likiwa kilo 400, uzito kabla ya maji ni kilo 760, zinabaki kilo 5,490, yaani lita 915 kwa kila tangi. Weka mizani ya kuning'inia kati ya kulabu na mzigo, uiamini hiyo kuliko hesabu. Unganisha mipira ya maji na vali za kutolea kabla ya kunyanyua, ili asiwepo mtu wa kukaribia. Uzio uwe mbali kwa kimo cha kreni mara moja na nusu.

1. Weka jicho la lebeli (chombo cha kupimia usawa), au uzi ulionyooshwa, katikati ya boriti na uandike kipimo bila mzigo.
2. Nyanyua jukwaa na matangi matupu sentimita 15, si zaidi. Chora mstari wa chaki ukivuka ngoma na fremu yake.
3. Jaza hadi nusu, ngoja dakika 5, sikiliza. Mlio mmoja wa rangi inayopasuka ni kawaida. Milio inayorudia si kawaida.
4. Jaza hadi kilo 6,250, ngoja dakika 10. Mstari wa chaki usisogee hata kidogo.
5. Pima boriti imepinda kiasi gani. Kwa mita 20, ukizidi mm 30, mwage maji.
6. Mwaga yote, pima tena. Boriti isiporudi kwenye kipimo cha hatua ya kwanza, imepinda moja kwa moja, na kreni haitatumika.

Ikifaulu, punguza hadi kilo 5,500, pandisha mita 1, shusha, simamisha katikati mara tatu, kisha itembeze urefu wote wa reli. Gurudumu linalokwaruza ubavu wa reli mahali pamoja linakurudisha kwenye vipimo vya nguzo. Fanya yote asubuhi: upande wa Ziwa Victoria mvua ya radi huja mchana, na upepo ukifika kilomita 30 kwa saa jaribio liahirishwe.

Uzito wa kitu kinachokatwa

Bamba la chuma la mm 10 lina kilo 78.5 kwa mita ya mraba. La mm 20 ni mara mbili ya hizo. Rola ya kusagia ya chuma cha kalibu, kipenyo mita 1 na urefu mita 2, ni zaidi ya tani 11 kabla ya kuhesabu ekseli. Kreni yako ya tani 5 haiigusi. Tangi la kipenyo cha mita 3 lenye matope ya sentimita 50 chini limebeba zaidi ya tani 3.5 ambazo hazimo kwenye mchoro wowote. Toboa, mwaga, ndipo ukate. Pembe ya slingi, yaani kamba au cheni ya kufungia mzigo kwenye kulabu, nayo huhesabika: mikono miwili ikiwa nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mmoja unavuta asilimia 58 ya mzigo, kwa 45 ni 71, kwa 30 kila mmoja unavuta mzigo wote.

Kreni isitumike kung'oa. Mzigo ukikataa kuinuka na mizani ikapita hesabu yako kwa asilimia 10, legeza, utafute kinachoushika. Ukivuta huku mtu akikata kwa gesi, bolti ya mwisho ikikatika mzigo unaruka juu, unarudi, na nguvu ya kurudi huko huzidi uzito wake mara kadhaa.

Kila asubuhi dereva ajaribu breki kwa mzigo mdogo sentimita 15 juu ya ardhi, akague chaki, atazame vibano. Kila jengo linalobomolewa karibu na nguzo za kreni linadai timazi ishushwe upya, maana baadhi ya kuta hizo zilikuwa zikizishikilia.

Kreni yenyewe hushuka mwisho, kwa kreni ya magurudumu. Chini ya miguu yake tandaza kokoto na magogo mazito. Udongo mweusi ulioloa humeza mguu bila onyo. Mnunuzi wa chuma awe na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Lakini waya, kulabu na cheni zilizokataliwa zisitoke yadini zikiwa nzima. Waya ya aina hiyo huuzwa tena kama bado nzuri, ikaishia kwenye winchi ya kisima au shimo la dhahabu Migori au Ikolomani, na mtu akashushwa nayo. Ikate vipande visivyofika mita 1, kulabu uikate katikati ya mkunjo, na kazi hiyo ifanyike mbele ya mkaguzi kabla lori halijapakiwa.